Uhuru wa Mkupuo: Mzazi wa Embu na Mwanafunzi wa Kujisimamia

Desemba ni mwezi mzito Kibugu. Kwenye miteremko hii ya Mlima Kenya, kaskazini ya mji wa Embu, kahawa bado inachumwa, shule zimefungwa, na wavulana waliofikia umri wanatahiriwa. Ndani ya wiki chache kijana anahamia chumba chake mwenyewe, haulizwi tena jioni alikuwa wapi, na baadhi ya kazi za nyumbani zinamwondokea. Januari sanduku na godoro vinafungwa juu ya matatu na anapelekwa shule ya bweni. Huko kengele ndiyo inayomwamsha, inayomlisha, inayomsomesha na kumlaza. Aprili anarudi nyumbani na mzazi anabaki ameshangaa: kijana aliyesifiwa na walimu kwa nidhamu hafungui daftari hata moja mpaka wiki ya kurudi shule.

Wazazi wengi wanasema ni uvivu. Walimu wanasema ni umri. Pengine kuna kidogo cha yote mawili, lakini sababu kubwa zaidi iko katika namna uhuru unavyogawiwa. Nyumbani kijana huyu amepewa uhuru mwingi kwa mkupuo, bila kazi ya kuubeba. Shuleni amenyimwa hata ule wa kuamua aanze na somo gani jioni. Tangu azaliwe hajawahi kukabidhiwa jambo moja dogo, lake kabisa, ambalo likiharibika ni yeye atakayelitolea maelezo. Kujisimamia masomoni ni ustadi, na ustadi usiofanyiwa mazoezi haushuki wenyewe siku kijana anapofikisha miaka kumi na minane.

Kila mkulima wa kahawa Embu anaijua kanuni hii shambani. Mche hukuzwa kitaluni chini ya kivuli, na kabla ya kuhamishiwa shambani kivuli hupunguzwa kidogo kidogo mpaka uzoee jua kamili. Mche unaotolewa kivulini na kupandwa juani siku hiyo hiyo hunyauka.

Zamani tohara yenyewe haikuwa jambo la wiki mbili. Miongoni mwa Wameru, majirani wa Embu, waliotahiriwa walihamia gaaru, nyumba ya vijana wa rika, wakaishi humo chini ya macho ya waliowatangulia, wakipewa kazi za ulinzi na kukemewa walipozembea. Aliyetahiriwa alikuwa pia na mlezi wake, mtu asiye baba yake, ambaye kazi yake ilikuwa kumfunza. Makao mapya yalikuja pamoja na kazi mpya na watu wapya wa kuwajibika kwao. Leo gaaru haipo, mlezi mara nyingi ni kijana aliyemzidi miaka michache tu, na kilichobaki bila kuguswa ni chumba. Katika maboma mengi mvulana aliyetahiriwa anaacha hata kuosha sahani aliyolia, na hakuna kazi nzito zaidi inayochukua nafasi yake.

Mabadiliko ya mtaala yameongeza utata. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, familia nyingi zilisubiri mtihani wa darasa la nane (KCPE), kijana akiwa na miaka kama kumi na minne, kisha tohara, kisha kidato cha kwanza. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023 na kipimo hicho kikaondoka nao. Sasa wako wanaomtahiri mtoto akimaliza Gredi ya 6, akiwa na miaka kumi na miwili hivi, na wako wanaosubiri Gredi ya 9. Mtoto wa miaka kumi na miwili katika chumba cha peke yake, mwenye sifa ya utu uzima na asiye na kazi yoyote ya utu uzima, yuko katika hali ngumu kuliko ile ya kaka yake wa enzi za 8-4-4. Baadhi ya makanisa ya Meru na Embu yameliona hilo, na huwakusanya vijana wakati wa kupona na kuwapa mafunzo ya maadili, afya na masomo. Ni hatua njema. Ila wiki hizo mbili haziwezi kufanya kazi ya mzazi ya miaka sita inayofuata.

Upande wa wasichana eneo hili lina historia inayostahili kukumbukwa na kila anayedhani kijana husimamiwa kwa amri peke yake. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipiga marufuku ukeketaji Meru, kwa kuungwa mkono na serikali ya kikoloni. Lengo lilikuwa jema, lakini wasichana hawakuhusishwa. Wengi wao walikeketana wenyewe kwa wenyewe kwa nyembe, na maelfu ya watu wakafikishwa mahakamani katika miaka iliyofuata. Mwaka 1996 familia chache za Tharaka zilijaribu njia nyingine, iliyoitwa Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walikaa pamoja kwa siku kadhaa, wakafundishwa miili yao, haki zao na wajibu wao, kisha wakapokelewa hadharani na familia kama watu wazima bila kukatwa. Sheria ya mwaka 2011 iliharamisha ukeketaji nchi nzima. Tofauti kati ya 1956 na 1996 ni kwamba mara ya pili wasichana wenyewe walikuwa wamekaa chini, wakaelezwa, wakauliza.

Hata hivyo, nyumbani msichana wa Kibugu bado anapewa fungu lisilo sawa. Akitoka shule anawasha moto, anapika, anaosha vyombo, anamwogesha mdogo wake, na anafungua vitabu wakati wengine wanalala. Mvulana ana uhuru bila wajibu. Dada yake ana wajibu bila uhuru. Mzazi anayetaka wote wawili wawe wanafunzi wa kujisimamia aanzie hapa, kwa kugawa upya kazi za jioni. Saa moja aliyoondolewa msichana jikoni ni saa moja ya masomo, na sufuria aliyopewa kaka yake ni somo la kwanza la uwajibikaji. Mzazi hahitaji pesa kuyafanya hayo, ila kwa kuwa yanagusa desturi, yatahitaji baba aseme kwa sauti yake mwenyewe.

Tukija bwenini, sheria na mazoea havilingani. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaweka masomo ya darasani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Zinatenga muda wa michezo, zinampa mwanafunzi wa bweni saa mbili na nusu za jioni za kujipangia mambo yake, kisha masomo ya usiku, na kulala kuanzia saa tatu na nusu hadi saa kumi na mbili asubuhi. Usingizi huo wa saa nane na nusu unalingana na ushauri wa madaktari, kwamba kijana anahitaji saa nane hadi kumi. Shule zinazowaamsha wanafunzi saa kumi alfajiri ziko wazi kwa yeyote anayetaka kuziona, na wazazi huzisifu kwa ukali wao. Kinachopotea pamoja na usingizi ni zile saa mbili na nusu za kujipangia. Wizara ya Elimu ilizitambua kuwa sehemu ya malezi, lakini shule nyingi huzijaza masomo zaidi, na mwanafunzi anamaliza miaka minne bila kuamua lolote kuhusu muda wake.

Vijana wasio na mahali pa kusema hutafuta njia nyingine ya kusikika. Mwaka 2001, shule ya Kyanguli huko Machakos, wavulana 67 walikufa katika bweni lililochomwa na wenzao. Mwaka 2016 zaidi ya shule mia moja zilikumbwa na moto katika muhula mmoja. Meru inabeba jeraha lake la shule ya St. Kizito, ambako usiku mmoja wa Julai 1991 mgomo wa wavulana uliishia kwa vifo vya wasichana 19 na kubakwa kwa makumi ya wengine. Hakuna dhuluma ya shuleni inayoweza kuhalalisha maovu hayo. Lakini mtafiti Elizabeth Cooper, katika kitabu chake cha mwaka 2022 kuhusu moto wa shule za Kenya, anaonyesha kwamba wanafunzi wengi walikuwa wamejifunza kwamba moto ndiyo lugha ambayo wakubwa huisikia upesi. Mzazi anayehudhuria mkutano wa shule ana swali la kuuliza kabla ya lile la wastani wa alama: hapa mwanafunzi mwenye malalamiko huyapeleka wapi, na hujibiwa na nani?

Inawezekana kufanya vingine. Geoffrey Griffin, aliyeanzisha shule ya Starehe jijini Nairobi mwaka 1959 kwa ajili ya wavulana maskini na kuiongoza hadi kifo chake mwaka 2005, aliweka baraza ambamo wanafunzi walisimama na kuuliza au kulalamika mbele ya mkurugenzi mwenyewe. Viranja walikuwa na madaraka ya kweli, na vijana waliwekwa katika huduma za kujitolea wakati wa likizo. Starehe ilikuwa na nidhamu kali. Wavulana walivaa sare na kupiga gwaride. Ukali na kusikilizwa viliishi pamoja, jambo ambalo mzazi anayeogopa kwamba kumsikiliza mtoto ni kumdekeza angefaa kulitafakari.

Utafiti unaelekea huko huko. Mwaka 1989 Wendy Grolnick na Richard Ryan walichapisha matokeo ya mahojiano na wazazi wa wanafunzi wa shule ya msingi nchini Marekani. Walitenganisha mambo matatu: mzazi anajihusisha kiasi gani, nyumba ina kanuni zinazoeleweka kiasi gani, na mtoto anaachiwa nafasi ya kuamua kiasi gani. Watoto walioachiwa nafasi walijisukuma zaidi wenyewe na walifanya vizuri zaidi darasani. Waliokulia kwenye kanuni zilizo wazi walielewa zaidi kinachowafanya wafaulu au wafeli. Kwa hiyo mzazi hachagui kati ya kanuni na uhuru, kwani kila kimoja kina kazi yake. Boma ambalo kila mtu anajua chakula cha jioni ni saa ngapi, taa ya kusomea ni ya nani na saa ngapi, na simu inawekwa wapi usiku, lina nafasi ya kumwachia kijana aamue kama ataanza na hisabati au historia.

Barry Zimmerman, aliyetumia miaka mingi kuchunguza wanafunzi wanaojiongoza, aliigawa kazi yao katika awamu tatu: kupanga, kutenda huku ukijiangalia, na kujitathmini baadaye. Bweni linamfanyia mwanafunzi ile ya kwanza, linamsimamia katika ya pili, na ya tatu linaiachia kadi ya matokeo. Likizo ndiyo mahali pekee ambapo awamu zote tatu zinaweza kurudi mikononi mwake, na ndiyo maana inasikitisha kuona wazazi wakichanga pesa ili mwalimu awafundishe watoto Agosti na Desemba. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza masomo ya ziada ya likizo. Sababu ya kuiheshimu si hofu ya faini tu. Likizo iliyojazwa darasa jingine ni fursa ya mwisho ya mwaka ya kujipanga iliyonyakuliwa, tena kwa gharama ya mzazi mwenyewe.

Badala yake, siku ya kwanza au ya pili baada ya kijana kurudi, mzazi amwombe aandike ratiba yake. Sio ratiba ya mzazi. Ndani yake ziwemo kazi za shamba na za nyumba, kanisa, mpira, usingizi, na masomo kwa saa atakazozichagua mwenyewe. Mzazi anaruhusiwa kuuliza maswali, na anaruhusiwa kukataa jambo la hatari, lakini ratiba mbovu kidogo aiache ipite. Jumapili ya kwanza wanakaa, kijana anaeleza kipi kimewezekana na kipi hakikuwezekana, anaibadilisha. Wiki ya kwanza kwa kawaida inakuwa ovyo. Ya tatu huwa na nafuu, kwa sababu kijana ameona kwa macho yake kwamba saa nne za fizikia alasiri baada ya kuchuma kahawa asubuhi hazitekelezeki.

Wazazi wengi hujiondoa hapa kwa kusema hawakusoma vya kutosha. Mama aliyeishia darasa la nane hawezi kusahihisha kemia ya kidato cha tatu, na haitakiwi afanye hivyo. Anachoweza ni kusema, "Funga kitabu, nieleze ulichosoma." Sayansi iko upande wake kabisa. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Wengine wakarudia kusoma, wengine wakajaribu kukumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42 ya kifungu, na wale waliojijaribu walikumbuka asilimia 56. Mwanafunzi anayesoma daftari mara tano anajiona anajua. Anayemweleza mama yake jikoni anagundua mahali alipokwama, na anaujua upungufu wake kabla ya mtihani kumwambia.

Kisha kuna pesa, na hapa Kibugu ina utajiri ambao wazazi wa mjini hawana. Katika nyumba ya mkulima mdogo mapato yanaonekana: kilo za majani chai kituoni, malipo ya kila mwezi, bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai, malipo ya kahawa kutoka chama cha ushirika. Lakini katika nyumba nyingi hesabu hizo ni siri ya wazazi, na kijana anajua tu kwamba karo inalipwa au hailipwi. Mtoto wa miaka kumi na mitano anaweza kukaa mezani bonasi inapogawanywa, akaona karo inachukua kiasi gani na mbolea kiasi gani. Aelezwe bila kulaumiwa. Kumrushia kijana gharama yake kila anapokosea ni kumbebesha deni ambalo hakuliomba. Pesa za matumizi za muhula pia anaweza kukabidhiwa zote kwa pamoja, baada ya kuandika atakavyozitumia. Zikiisha wiki ya nne, mzazi aumeze uchungu wake na asitume nyingine kwa simu ya mwalimu. Sabuni ataikopa kwa rafiki, na muhula ujao hesabu itakuwa nyingine.

Wapo pia vijana wanaochuma kahawa ya jirani kwa malipo wakati wa likizo. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mtoto wa miaka 13 hadi 16 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kuvuruga masomo yake, na mpaka huo ulindwe kwa makini. Ndani ya mpaka huo, mistari michache ya kahawa au sungura wanne walio chini ya kijana peke yake, vikiwa na daftari la mapato na matumizi, vinamfundisha mengi. Klabu za 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilianzishwa mwaka 1962 kwa wazo hilo hilo na serikali ikazifufua mwaka 2021.

Uamuzi mkubwa zaidi umewadia kwa mtindo mpya. Kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na kila mwanafunzi alipaswa kuchagua kati ya njia tatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati; sayansi za jamii; au sanaa na michezo. Ni uamuzi wa mtoto wa miaka kumi na mitano hivi, na ni rahisi mno mzazi au mwalimu kumjazia fomu. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maoni ya mtoto yasikilizwe kulingana na umri na upevu wake. Zaidi ya sheria, kijana aliyechaguliwa njia atakuwa na mtu wa kumlaumu kila anapofeli, na aliyechagua mwenyewe ana sababu ya kujitetea kwa bidii. Kazi ya mzazi ni kumtafutia watu wa kuongea nao: afisa wa kilimo, fundi umeme, muuguzi wa zahanati, mwanachuo wa kijijini aliyerudi likizo. Na mfumo huu mpya umeleta zawadi ambayo haijazungumzwa vya kutosha. Gredi za 7 hadi 9 ziko katika shule za msingi, nyingi zikiwa za kutwa, kwa hiyo kijana anakaa nyumbani mwaka mmoja zaidi kuliko zamani kabla ya bweni. Mwaka huo, kati ya miaka kumi na minne na kumi na mitano, ni wakati mzuri mno wa kumkabidhi mambo madogo huku mzazi akiwa bado chumba cha pili.

Kuna jambo gumu ambalo wazazi wa Embu hulikwepa. Muguka, majani ya kusisimua yanayotafunwa, hulimwa katika kaunti hii hii, hasa upande wa Mbeere, na unalipa karo za watoto wengi. Kaunti ya Mombasa ilipoupiga marufuku Mei 2024, wakulima walilia kwa haki, maana riziki yao ilikuwa humo. Lakini majani hayo hayo ni rahisi kupatikana kwa kijana aliye likizoni, na mzazi anayeyauza hukosa mahali pa kuanzia mazungumzo. Anaweza kuanzia hapo hapo kwenye ukweli: kwamba zao hilo linawalisha, kwamba mtumiaji kijana hupoteza usingizi na fikra za kusoma, na kwamba yeye kama mzazi anayajua yote mawili. Kijana hutambua haraka mtu mzima anayemficha jambo.

Mtihani mkubwa wa malezi haya huja baada ya mtihani wa kidato cha nne (KCSE), kati ya Novemba na Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata, chuo kinapofungua. Ni karibu miezi tisa bila kengele. Wengine hukimbilia bodaboda, wengine hulala mpaka saa tano, wengine huchuma chai na kuweka akiba. Chuoni hakuna naibu wa mwalimu mkuu, na pesa za matumizi za HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, huingia moja kwa moja kwa mwanafunzi mwenyewe, mara nyingi zikiwa nyingi kuliko alizowahi kushika. Mzazi ana miezi hiyo tisa ya kumwachia kijana aulize mwenyewe kodi ya chumba karibu na chuo, ajaze mwenyewe fomu za mkopo, apige simu mwenyewe ofisi ya usajili, na aandike bajeti ya muhula wa kwanza ambayo wataipitia pamoja kabla shilingi ya kwanza haijatoka.